JOSEPH CORNELL, MTU WA MAKASHA

Leo nawaletea maisha ya mtu ambaye hakuwa mfalme wala mwanasiasa. Alikuwa msanii wa sanamu, lakini hakuchonga jiwe wala gogo. Sanamu zake alizitengeneza kwa karatasi kuukuu na vikorokoro, akazipanga ndani ya makasha.

Joseph Cornell alizaliwa tarehe 24 Desemba 1903 mjini Nyack, jimbo la New York, Marekani. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto wanne. Baba yake alifariki mwaka wa 1917, naye Joseph ana miaka 13 tu. Mdogo wake, Robert, alikuwa na mtindio wa ubongo na hakuweza kutembea. Basi mzigo ukamwangukia yeye. Mwaka wa 1921 aliacha shule bila cheti, akaenda kuuza vitambaa mjini New York ili kusaidia jamaa yake.

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Saa za mapumziko alizunguka kwenye maduka ya vitabu na vitu vya mitumba, akinunua picha, ramani, stempu na magazeti ya zamani. Vyote alivipeleka nyumbani, mtaa wa Utopia Parkway, akavitia katika mafaili na maboksi yenye majina. Yaani, alikuwa na maktaba ya vitu vilivyokataliwa na wenyewe!

Usiku wengine wakilala, yeye yuko macho kwenye meza ya jikoni. Alichukua kasha la mbao lenye kioo mbele, akapanga ndani ndege wa karatasi, kiko cha udongo, glasi au ramani ya nyota. Makasha mengine aliyatia katika oveni ya mama yake ili yaonekane ya kale. Hakusomea sanaa hata siku moja, lakini kuanzia mwaka wa 1932 kazi zake zilionyeshwa mjini New York.

Linalonishangaza ni kwamba hakuwahi kufika ng'ambo. Hata hivyo, alitengeneza makasha yenye matangazo ya hoteli za Ulaya. Mwili ulibaki nyumbani kumtunza Robert, fikira zikasafiri. Sisemi ilikuwa rahisi, kwani hata kuoa hakuoa. Robert alifariki mwaka wa 1965, mama yao mwaka wa 1966. Mwaka huohuo Joseph alifanya maonyesho, akaiweka michoro ya marehemu Robert pamoja na kazi zake mwenyewe.

Mapema mwaka wa 1972 aliwafanyia watoto maonyesho katika chuo cha Cooper Union. Makasha yalitundikwa chini, kimo cha mtoto, na wageni wakapewa keki na soda. Tarehe 29 Desemba mwaka huo akaaga dunia, akiwa na umri wa miaka 69. Tangu mwaka wa 1978 maboksi yake ya karatasi yamehifadhiwa na makavazi ya Smithsonian, Washington.

Wenzangu, wengi wetu tukitoka shule tunangojwa na kuni, maji na wadogo zetu. Tusiseme kazi hizo zimetufungia mlango. Cornell alikuwa nazo maisha yake yote, na meza ya jikoni ikamtosha.