Harry Thuku na Kipande: Mtu Aliyekabili Usajili wa Alama za Vidole Afrika Mashariki

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Mkazi wa Mwanza anapofika kusajiliwa kwa ajili ya Kitambulisho cha Taifa, au anapoweka kidole kwenye kifaa cha wakala ili kusajili laini ya simu, hufanya tendo ambalo katika ukanda wa Ziwa Victoria lina historia ya takribani miaka 100. Historia hiyo haikuanza na kompyuta. Ilianza na hati iliyoitwa kipande, ambayo Waafrika wa nchi jirani ya Kenya walilazimishwa kuibeba wakati wa ukoloni. Miongoni mwa waliokipinga, anayekumbukwa zaidi ni Harry Thuku.

Thuku alizaliwa mwaka 1895 huko Kambui, Kiambu, kaskazini mwa Nairobi. Alisoma miaka michache katika shule ya misheni, kisha mwaka 1911 akaenda Nairobi kutafuta kazi. Muda si mrefu alihukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kosa la kughushi hundi. Wanaomsifu hulipita jambo hilo haraka, lakini kwa mada hii lina maana yake. Hundi hulindwa kwa saini, na saini ni alama ambayo mtu mwingine anaweza kujifunza kuiiga.

Udhaifu huo ulikwisha kuwashughulisha watawala wa Kiingereza nchini India. Mwaka 1858, William Herschel, ofisa wa utawala huko Bengal, alimtaka mkandarasi aweke alama ya kiganja kwenye mkataba ili asije akaukana. Katika miaka ya 1890, Edward Henry, mkuu wa polisi wa Bengal, akisaidiwa na Azizul Haque na Hem Chandra Bose, alikamilisha utaratibu wa kuzipanga alama za vidole katika makundi. Michirizi iliyo kwenye ncha za vidole hujengeka kabla mtoto hajazaliwa na haibadiliki maishani isipokuwa kwa jeraha la kina. Hata pacha wanaofanana hutofautiana. Mingine hupinda kama upinde, mingine hurudi kama kitanzi, na mingine huzunguka kama duara. Kwa kuhesabu na kupanga maumbo hayo ya vidole vyote 10, karani aliweza kuitafuta kadi moja kati ya maelfu bila kulijua jina la mwenyewe.

Hapo ndipo zilipo dhana mbili zinazofaa kutenganishwa. Kuuliza iwapo mtu huyu ndiye anayesema kuwa ni yeye huitwa uhakiki, na alama yake hulinganishwa na kumbukumbu moja tu. Kuuliza mtu huyu ni nani huitwa utambuzi, na alama yake hulinganishwa na kumbukumbu zote. Uhakiki humsaidia zaidi anayedai haki yake. Utambuzi humfaa anayemtafuta mtu, hata kama mtu huyo hataki kupatikana.

Serikali ya kikoloni ya Kenya ilihitaji hilo la pili. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa zaidi ya miaka 16 kuwa na kipande. Kiliandikwa jina lake, kabila lake, kazi na mshahara wake, kikatiwa alama za vidole, na kumbukumbu zake zikatunzwa Nairobi. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Mwajiri ndiye aliyetia saini ya kumruhusu mtu kuondoka kazini. Aliyeondoka bila saini hiyo alikuwa mhalifu, na hata angebadili jina, vidole vyake vingemtaja.

Tanganyika neno hilo hilo lilikuwa na maana nyingine. Kipande cha vijana wa Usukuma waliokwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kilikuwa hasa kadi ya kuhesabu siku 30 za kazi ili mtu alipwe.

Baada ya kifungo, Thuku alipanga herufi katika kiwanda cha gazeti, kisha akawa mpokea simu wa Hazina mjini Nairobi. Mwaka 1921 waajiri wa Kizungu walipoamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, yeye na wenzake waliunda chama cha vijana wa Kikuyu, na baada ya wiki chache wakakipanua kuwa Chama cha Afrika Mashariki kilichowaalika Waafrika wa makabila yote. Walilalamikia kodi, kazi za kulazimishwa walizofanyishwa wanawake na wasichana, na kipande. Desemba mwaka huo, upande wa kaskazini wa Ziwa Victoria, vijana waliosoma Maseno waliwakusanya watu huko Lundha, Gem, nao wakadai kipande kifutwe.

Thuku aliwahimiza watu wavikusanye vipande vyao na kuvirudisha kwa Gavana. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiwe, na Mary Muthoni Nyanjiru akawakemea wanaume waliokuwa wakisitasita. Polisi walifyatua risasi. Serikali ilitaja vifo 21, Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Wengine walihesabu zaidi. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu bila kesi, na hakurudi nyumbani hadi miaka ya 1930 ilipoanza. Wakati huo vipande vilivyokuwa vimetolewa vilizidi milioni moja.

Maisha yake ya baadaye hayakuwafurahisha wote waliompenda. Aliongoza Chama Kikuu cha Wakikuyu kwa muda, akagombana na wenzake, akaunda chama chenye msimamo wa wastani mwaka 1935, na baadaye akaipinga Mau Mau. Alikuwa mkulima hodari wa kahawa. Mwaka 1947 sheria mpya ilitaka watu wa rangi zote wasajiliwe kwa alama za vidole. Walowezi walikataa kwa hasira, wakisema hayo ni mambo ya wahalifu, na serikali ikalegeza: aliyeweza kujaza fomu kwa Kiingereza alitoa picha na saini badala ya vidole. Thuku alifariki Juni 1970.

Thuku hakupinga kujulikana alikuwa nani. Alipinga daftari lililowasajili watu wa rangi moja, ambalo mwajiri aliweza kuandika atakalo na mwenye alama hakuwa na namna ya kulisahihisha. Kwa msomaji wa leo hilo ndilo swali la kuuliza kuhusu daftari lolote. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za kibayometria kuwa taarifa nyeti na kumpa mhusika haki ya kuzifahamu na kuomba zirekebishwe. Malalamiko hupelekwa katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kidole nacho kina mipaka yake. Wavuvi wanaovuta nyavu na wachakataji wa samaki wa mwalo wa Kirumba, kama walivyo wavuna pamba, huweza kusagika michirizi kiasi cha mashine kushindwa kuisoma. Mtu wa namna hiyo amesumbuliwa na kifaa, hajaghushi. Tena neno la siri likivuja hubadilishwa, kidole hakibadilishwi. Wakala akikuomba urudie kuweka kidole, muulize sababu, kwa kuwa alama hiyo ya pili inaweza kusajili laini usiyoijua. Laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya kitambulisho huonekana kwa kupiga *106#.