Jina liko kwenye tairi, mwenyewe alikufa na madeni

Ukienda kununua nduthi ya mkono wa pili, kila mtu atakuambia usikilize injini. Angalia moshi, angalia cheni, jaribu breki. Nilifanya hayo yote mwaka jana na injini ilikuwa safi. Matairi nayo yalikuwa na meno marefu, meusi, yanang'aa, kwa sababu aliyeniuzia alikuwa ameyapaka kitu. Nikajiambia gharama ya matairi nimeiepuka.

Mvua ya kwanza ilinifunza. Kona moja tu, gurudumu la nyuma likateleza kama sabuni bafuni. Nilichubuka goti na kiwiko, suruali ikararuka, na nashukuru hakukuwa na matatu nyuma yangu.

Fundi wa pancha mtaani kwetu hakushangaa. Alikandamiza kucha kwenye mpira na kucha haikuingia hata kidogo. Akanionyesha nyufa ndogo ndogo kando ya rimu, halafu tarakimu nne ubavuni mwa tairi, mwisho wa ule msururu unaoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Langu lilisoma 2611. Yaani wiki ya 26 ya mwaka 2011, nikiwa darasa la tano! Pikipiki ilikuwa imeegeshwa mahali kwa miaka, meno hayakuisha, lakini mpira ulikuwa umekufa.

Nikiwa nimekaa kwenye debe nikingoja abadilishe, macho yalitua kwenye tairi la gari lililoegemezwa ukutani, limeandikwa Goodyear. Unalijua jina hilo, na mimi nilikuwa nalijua. Nilidhani ni maneno tu ya kampuni, kumbe lilikuwa jina la mtu. Nikatoa simu nikaanza kusoma, na nikuambie ukweli, nilifika nyumbani bado nasoma.

Charles Goodyear alizaliwa tarehe 29 Desemba 1800 mjini New Haven, jimbo la Connecticut, Marekani. Baba yake alikuwa mtu wa vyuma, akitengeneza vifungo na uma za shambani, na kijana akaingia kazi hiyo hiyo. Mwaka 1824 alimwoa Clarissa Beecher, na miaka miwili baadaye wakafungua duka la vyuma Philadelphia. Kufikia 1830 biashara ilikuwa imeanguka na wadeni wanabisha mlangoni. Enzi hizo hakukuwa na CRB ya kukunyima mkopo. Ukishindwa kulipa ulifungwa, basi. Goodyear aliingia na kutoka jela za madeni mara nyingi hata akazizoea.

Mpira aliupata kwa bahati tu. Mwaka 1834 alikuwa New York akapita duka la kampuni ya Roxbury iliyouza bidhaa za mpira. Akaona maboya ya kujaza upepo, yale ya kukuzuia usizame, na akagundua kwamba valvu yake ni mbovu. Akanunua moja, akaenda nalo nyumbani, akaunda valvu bora, akarudi akitarajia kuwauzia. (Fundi wangu angempenda. Yeye pia alikataa kurudisha tyubu yangu ya zamani kwa sababu ya valvu.) Meneja alimwambia ametatua shida ndogo, kubwa bado iko. Utomvu wa mpira, uliotoka kwenye miti ya Brazil, ulikuwa ukiyeyuka na kunuka wakati wa joto, na baridi ikija unakuwa mgumu kama ubao. Wateja walikuwa wakirudisha mali kwa mafungu. Viwanda vilivyokuwa vimetajirika juzi vilikuwa vinafungwa.

Goodyear hakuwa na pesa, na kemia hakuwa ameisomea popote. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda, maana mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda, na kuna watu hadi leo huniuliza nitakuwa nani bila cheti. Huyu alianzia majaribio yake jela. Alikuwa amefungwa kwa deni Philadelphia, akaomba aletewe mpira mbichi na kile kifimbo ambacho Clarissa alikuwa akisukumia unga wa ngano, akaanza kuuponda na kuchanganya.

Alijaribu unga wa magnesia. Ukaonekana kufaulu, wakashona mamia ya viatu, joto likaja, viatu vikawa uji. Akajaribu chokaa. Akajaribu asidi ya naitriki, ambayo ilikausha juu tu, na mvuke wake karibu umuue. Hata hivyo mwaka 1837 alipewa hataza, yaani cheti cha serikali cha kumiliki uvumbuzi, kwa njia hiyo ya asidi, na akapata mtu wa kumpa mtaji. Mwaka huo huo uchumi wa Marekani ukaporomoka na mtaji ukaenda nao. Familia ikaishia kulala katika kiwanda kitupu cha mpira kule Staten Island.

Halafu akahamia Woburn, karibu na Boston, akakutana na Nathaniel Hayward, ambaye alikuwa akinyunyizia mpira salfa, ile poda ya manjano. Akainunua hataza yake. Serikali ikampa oda ya mifuko 150 ya posta. Alitengeneza, akaitundika, akaondoka kwa muda, akarudi kuikuta imevimba na kuyeyuka. Ungekuwa wewe ungeendelea kweli?

Mwaka 1839 kipande cha mpira wenye salfa kiligusa jiko la moto. Namna kilivyogusa kuna hadithi nyingi, na watu hupenda ile ya kukiangusha kwa bahati mbaya. Tunachojua ni kwamba hakikuyeyuka. Kiliungua kama ngozi, na pembeni mwa sehemu iliyoungua kukabaki ukingo uliokuwa mkavu, unaovutika, usionata. Jibu lilikuwa joto, kitu kile kile kilichokuwa kikiharibu kila jaribio lake. Salfa inapopikwa pamoja na mpira huzishikanisha nyuzi zake ndefu ndogo zisizoonekana kwa macho, zikawa kama wavu. Zinavutika, zinarudi, hazitiririki.

Sasa kujua kwamba joto ndilo jibu, na kujua joto kiasi gani kwa muda gani, ni mambo mawili tofauti kabisa. Alihitaji karibu miaka mitano. Alipika mpira kwenye jiko la nyumbani baada ya Clarissa kutoa mikate, akauchemsha juu ya mdomo wa birika, akauzika kwenye mchanga wa moto, akaomba muda kwenye tanuru za watu waliokuwa wamemchoka.

Na hapa ndipo upendo wangu kwake unapoingia nyufa. Katika miaka hiyo aliuza samani za nyumba. Aliuza vitabu vya shule vya watoto wake. Majirani walileta maziwa na unga, na watoto walichimba viazi kabla havijakomaa ili wapate cha kula. Walizika watoto kadhaa wakiwa bado wadogo. Vitabu vingi husimulia hayo haraka haraka ili vifike kwenye ushindi, kana kwamba njaa ya Clarissa ilikuwa nauli tu. Sikumpata Clarissa akiulizwa popote kama alikubali safari hiyo. Mimi nikikopa elfu mbili kwa simu ili ninunue tairi, mamangu hutaka kujua nitalipa lini. Huyu alikopa nyumba nzima.

Hataza ya Marekani, nambari 3633, ilitoka tarehe 15 Juni 1844. Alikuwa amechelewa upande mmoja wa bahari. Vipande vyake vilikuwa vimefika Uingereza, na Thomas Hancock, bingwa wa mpira wa huko, akaona dalili za salfa juu yake, akafanya majaribio yake mwenyewe na kuwasilisha ombi la hataza Uingereza mapema. Rafiki wa Hancock ndiye aliyeipa kazi hiyo jina, kutokana na Vulcan, mungu wa moto wa Warumi. Ndiyo asili ya lile neno la valkanaizi unaloliona limeandikwa kwa rangi kwenye vibao vya mafundi wa pancha.

Nyumbani nako watu walimwibia njia yake mchana. Mwaka 1852 kesi kubwa dhidi ya Horace Day ilisikizwa Trenton, New Jersey, na mawakili wake wakamleta Daniel Webster, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo. Walishinda. Webster alilipwa dola 15,000, pesa ambayo Goodyear mwenyewe hakuwahi kuizoea. Vibali vya kutumia hataza yake alikuwa akiviuza kwa bei ya kutupa, na alichopata alikirudisha kwenye majaribio na maonyesho. London mwaka 1851 alijenga chumba kizima cha mpira, kuta hadi meza. Paris mwaka 1855 akafanya tena, akashindwa kulipa, akafungwa jela ya madeni. Alikuwa ndani alipoletewa nishani ya heshima ya Ufaransa. Clarissa hakuyaona hayo, alikuwa amefariki mwaka 1853.

Mwaka 1860 Goodyear alifika New York kumwona binti yake aliyekuwa mgonjwa sana. Alipofika akaambiwa binti amefariki. Akaanguka, na yeye naye hakuinuka. Aliacha deni la dola 200,000 hivi.

Tairi la upepo hakuwahi kulipanda. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, alipewa hataza yake mwaka 1888. Ile kampuni ya Goodyear ilianzishwa na Frank Seiberling mjini Akron, Ohio, mwaka 1898, miaka 38 baada ya mazishi. Seiberling alikopa pesa za kununua kiwanda na akachagua jina la marehemu kwa heshima tu. Familia ya Goodyear haikuwa na hisa hata moja.

Turudi kwa tairi langu la 2011. Ule wavu wa salfa ni mzuri, lakini jua, joto na hewa haviuachi. Mwaka baada ya mwaka vinaukaza na kuukatakata, mafuta yaliyoulainisha mpira yanatoka, na lile tairi linarudia ugumu ule ule uliowafukuza wateja wa Roxbury, hata kama limekaa tu stoo. Kwa hiyo usihesabu meno peke yake. Soma zile tarakimu nne, kandamiza kucha, tazama nyufa. Ukibadilisha tairi, badilisha na tyubu, na hakikisha mshale ulio ubavuni unaelekea upande gurudumu linakozunguka. Fundi wangu alipaka maji ya sabuni kwenye ukingo, akaliingiza kwa vyuma viwili bila kuibana tyubu, akajaza upepo, kisha akanionya niende pole kilomita mia za kwanza, kwa sababu tairi jipya nalo huteleza kabla ngozi yake ya juu haijasuguliwa na lami.

Nilimlipa. Matairi makuukuu alibaki nayo. Ile tyubu aliikata vipande virefu akanipa kimoja, na ndicho ninachofungia mzigo kwenye keria hadi leo.