Fundi wa kinu cha maji: maisha ya mchungaji Arthur Chilson



Mara nyingi tunapenda kusimulia maisha ya manabii weusi waliofungwa na kupigwa kwa ajili ya Jina. Na sisi wa Lubumbashi hatuwezi kusahau ya kuwa Simon Kimbangu alihukumiwa mwaka 1921, akaletwa katika mji huu ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, akakaa gerezani mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Mara hii tunasimulia mzungu. Najua kuna wazee watakaouliza: mzungu ana nini na sisi? Tunawaomba wasome mpaka mwisho.

Arthur Chilson alizaliwa Marekani mwaka 1872. Alikuwa mtu wa Kanisa la Marafiki, lile ambalo kwa Kifaransa linaitwa Eglise des Amis. Watu wa kanisa hilo hawabatizi kwa maji wala hawagawi mkate na divai. Wale wa zamani walikuwa wakikaa kimya katika ibada mpaka Roho amsukume mmoja aseme. Kwetu sisi tunaoimba na kupiga ngoma ni jambo gumu kulifahamu. Lakini tazameni vizuri: wao pia walikuwa wakimngojea Roho. Chilson alisoma shule ya Biblia katika mji wa Cleveland, na huko akaungana na wenzake wawili, Willis Hotchkiss na Edgar Hole. Hotchkiss alikuwa amekwisha kukaa katika nchi ya Wakamba.

Mwaka 1902 watatu hao walivuka bahari mpaka Mombasa, wakapanda reli mpya mpaka Kisumu kando ya ziwa, halafu wakaenda kwa miguu kutafuta mahali. Mwezi wa Agosti wakafika Kaimosi, katika nchi ya Watiriki, penye msitu mkubwa, mvua nyingi, na mto unaoanguka kwenye mawe. Chilson alipoona maji yale yanaanguka bure, alifahamu kazi yake iko wapi.

Misioni yao iliitwa misioni ya kazi za mikono. Fikra yao ilikuwa kwamba mwamini asiwe mtu wa kuomba-omba. Ajifunze kupasua mbao, kuchoma matofali, kulima, na misioni yenyewe ijilishe kwa kazi yake. Wakapata shamba kubwa kutoka kwa serikali ya Waingereza. (Hapa tuseme wazi: ardhi ile ilikuwa na wenyewe kabla ya karatasi ya serikali, na jambo hilo wamisionere wengi hawakulihesabu kuwa dhambi.) Hotchkiss hakukaa sana, akaondoka kuanzisha misioni nyingine. Chilson akabaki na ukuta wa kuzuia maji.

Alijenga huo ukuta pamoja na vijana wa mahali, akapitisha maji katika mfereji, na nguvu ya maji ikazungusha msumeno wa kupasua magogo ya msituni. Mbao zikawa milango, madawati ya shule na paa za makanisa. Baadaye nguvu ya maji ikazungusha mawe ya kusagia nafaka. Mama zetu wanajua maana yake. Wakati ule mwanamke wa Kaimosi alikuwa anapiga magoti mbele ya jiwe, anasaga wimbi na mtama kwa mikono, saa na saa, kama mama wa kwetu na kinu na mchi kabla ya kupata unga wa bukari. Kinu cha maji ni kitu chepesi kueleza: jiwe la chini limetulia, jiwe la juu linazunguka, nafaka inaingia kwenye tundu la katikati na unga unatoka pembeni. Lakini kukiweka sawa si kazi nyepesi, maana mawe yakigusana sana yanachoma unga, yakiachana nafaka inapita nzima. Watu walitembea mbali na mizigo kichwani kufika pale. Miaka iliyofuata, Waafrika wa nchi ile wakaanza kujenga vinu vyao wenyewe kwenye mito yao, na wakawa wenye mali. Kwa maoni yetu hilo lilikuwa hubiri kubwa kuliko mengi yaliyosemwa kanisani.

Asubuhi, kabla ya kazi, wafanya kazi walikusanyika kwa maombi, halafu wakaenda kwenye msumeno na matofali. Katika watu wa namna hiyo wakatoka waamini wa kwanza, kama Daudi Lung'aho na Yohana Amugune, ambao walikwenda vijijini kufundisha. Tusidanganyane: Habari Njema ilienea kwa miguu yao kuliko kwa miguu ya wazungu.

Sasa tunafika kwenye mwaka 1927, na kwa ajili ya mwaka huo tumeandika habari hii. Chilson alikuwa amekaa karibu miaka 25. Watu walijua kusoma, walikuwa na mbao na unga, lakini aliona mioyo imepoa. Akahubiri juu ya ubatizo wa Roho Mtakatifu, akawaambia watu waungame na kungojea. Wakangojea kweli. Watu wakalia, wakaungama wizi na uzinzi mbele ya wote, wengine wakatetemeka na kusema kwa lugha.

Halafu Chilson akarudi kwao Marekani. Wamisionere waliobaki na wazee wengi wa kanisa waliogopa kelele ile. Wakakataza watu kuomba kwa namna hiyo, na wale waliokataa kunyamaza wakafukuzwa. Wakaomba nyumbani, wakachekwa, wakapigwa. Mmoja wa viongozi wao, Jakobo Buluku, alikufa mwaka 1938. Lakini kutoka kwao likasimama Kanisa la Afrika la Roho Mtakatifu, na makanisa mengine ya Roho ya nchi ile, watu wa kanzu nyeupe kama sisi.

Je, Chilson aliwaacha yatima? Sisi mashemasi tumebishana juu ya hilo. Mmoja wetu anasema mtu akiwasha moto na kuondoka, hana sifa. Mwingine anasema moto haukuwa wake. Tunaona wote wawili wana haki. Mtu aliyejua kupima mawe ya kinu alipaswa kujua ya kwamba ndugu zake wazungu hawataweza kuvumilia mambo aliyoyafungulia mlango. Lakini pia, kama angebaki, huenda kanisa lile lingebaki la mzungu mpaka leo. Buluku na wenzake walisimama kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusimama mbele yao.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, umri ambao wengi wetu tunatafuta kivuli, Chilson alirudi Afrika pamoja na mke wake Edna na binti yao Rachel. Safari hii hakwenda Kaimosi. Alitumwa na Marafiki wa Kansas mpaka Burundi, wakati ule chini ya Wabelgiji kama sisi, mahali panapoitwa Kibimba. Ilikuwa misioni ya zamani ya Wajerumani, iliyoachwa kwa sababu ya vita ya 1914. Akaanza tena kujenga, kufundisha na kuhubiri, katika lugha ambayo hakuizoea.

Alikufa huko Kibimba mwaka 1939. Edna akaandika kitabu juu ya maisha yake. Marafiki wa Burundi wanahesabu mwanzo wao tangu siku zake pale Kibimba.