Kelvin na Siri ya Moto wa Jua

Sisi tuliosoma chuoni tuliihifadhi Surat Ash-Shams tungali wadogo, wala hatukujiuliza jua lawaka kwa kitu gani. Leo, msomaji mpenzi, nataka kukusimulia habari za bingwa aliyejiuliza.

William Thomson alizaliwa Belfast, Ireland, mwaka 1824, baba yake akiwa mwalimu wa hesabu. Alipokuwa na miaka 10 aliingia Chuo Kikuu cha Glasgow, na alipofika miaka 22 akawa profesa papo hapo, akasomesha kwa miaka 53. Alikuwa na mkono mkubwa katika kutandika waya wa simu chini ya bahari baina ya Ulaya na Amerika, kazi iliyofaulu mwaka 1866. Mwaka 1892 akatunukiwa cheo, akaitwa Lord Kelvin.

Zama zile wataalamu walishindana juu ya chakula cha jua. Lingekuwa ni makaa ya mawe, yangekwisha kwa miaka elfu chache tu. Daktari Mjerumani, Julius Mayer, alidhani ni vimondo viliangukiavyo. Thomson aliishika rai hiyo mwaka 1854, kisha akaiacha, akamfuata Hermann von Helmholtz: kwamba jua lasinyaa kwa uzito wake lenyewe, na kule kusinyaa ndiko kutoako joto. Mwaka 1862 akaandika kuwa yaelekea jua halijaimulika dunia kwa zaidi ya miaka milioni 100. Wataalamu wa miamba waliona miaka hiyo haitoshi, lakini nani angethubutu kubishana na hesabu zake?

Hata hivyo, katika makala yale yale aliacha mlango wazi. Alisema wakazi wa dunia hawataendelea kupata mwanga na joto la jua kwa mamilioni mengi ya miaka, ila ikiwa katika ghala ya uumbaji mna chanzo cha joto wasichokijua wanadamu.

Kilikuwamo. Mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua mionzi ya madini ya urani. Mwaka 1904 Ernest Rutherford alihutubia London juu ya nguvu hiyo mpya, mzee Kelvin akiwa miongoni mwa wasikilizaji, akaukumbusha kwa adabu mlango ule. Kelvin hakukubali, hata mwaka 1906 alikuwa bado akibisha. Alifariki mwaka 1907, akazikwa Westminster Abbey.

Mwaka 1920 Arthur Eddington alitoa rai kuwa ndani ya jua haidrojeni huungana ikawa heliamu, na mwaka 1939 Hans Bethe akaonyesha njia zake. Leo twajua kwamba kila sekunde tani kama milioni 4 za jua hugeuka nguvu, na umri wake ni kama miaka milioni 4,600.

Hesabu za Kelvin hazikuwa na kosa. Kilichopungua ni lile asilolijua. Mlango aliouacha wazi akiwa na miaka 37, aliufunga uzeeni, mgeni alipopiga hodi. Nami, niliyekwisha kuota mvi, najiombea nisiufunge wangu. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.