BRUDA WALFRID: ALIANZISHA CELTIC ILI WATOTO WAPATE KULA

Mnamkumbuka Mkenya Victor Wanyama alivyowatungua Barcelona kwa kichwa mwaka 2012? Jezi aliyovaa siku ile ni ya Celtic ya Glasgow, Uskochi. Sasa timu hiyo haikuanzishwa na tajiri. Ilianzishwa na mwalimu wa shule, na kilichomsukuma ni njaa ya wanafunzi wake.

Jina lake la kuzaliwa ni Andrew Kerins. Alizaliwa mwaka 1840 Ballymote, Ireland. Akiwa na miaka mitano tu, ugonjwa ukaozesha viazi nchini kwao, na njaa iliyofuata iliua watu kama milioni moja. Mwaka 1855 akavuka bahari kwenda Glasgow kusaka maisha. Mwaka 1864 akajiunga na Mabruda Wamarist, akapewa jina la Walfrid, akawa mwalimu.

Waairishi wa mashariki ya Glasgow walikuwa watu wa chini kabisa. Kazi za suluba, mshahara kiduchu, vyumba vya kubanana, halafu wenyeji wengi hawawataki kwa asili yao na kwa Ukatoliki wao. Walfrid akiwa mkuu wa shule ya Sacred Heart aliona wazi kwamba mtoto mwenye njaa haji shule, na hata akija haelewi kitu. Miaka ya 1880 yeye na wenzake wakaanzisha chakula cha mchana cha peni moja. Lakini hela ya kupikia itoke wapi?

Akaona mechi za hisani zinavyojaza watu. Tarehe 6 Novemba 1887, kwenye ukumbi wa kanisa la St Mary's, Celtic ikazaliwa. Uwanja wa kwanza ulitengenezwa na watu wa kujitolea. Mei 1888, mechi ya kwanza kabisa, wakawafunga Rangers 5-2! Jina Celtic linawagusa Waairishi na Waskochi pamoja, na klabu haikuwafungia mlango wasio Wakatoliki. Vijana waliodharauliwa wakapata cha kujivunia mbele ya mji mzima.

Baadaye shirika lake likamhamishia London. Kule nako akawakusanya watoto maskini akawachezesha mpira. Huku nyuma mambo yakageuka: mwaka 1897 Celtic ikawa kampuni ya wanahisa, na sahani za watoto zikasahaulika. Mfuko wa hisani wa klabu ulikuja kuanzishwa mwaka 1995. Bruda alifariki mwaka 1915. Sanamu yake iliwekwa nje ya uwanja wa Celtic mwaka 2005, kwa michango ya mashabiki.

Jamani, mitaani kwetu ndondo hazikosekani, na watu wanajaa. Tunachangishana, bingwa anabeba mbuzi, basi imetoka hiyo. Je, tukitenga hata robo ya michango, si kuna dogo atapata daftari na uji wa shule? Na nani ashike hela hiyo isije ikapotea kama ilivyotokea kwa Celtic?

Haya, tiririkeni hapo chini. Nawasilisha.