Fritz Pregl: Mkemia Asiyengoja Kibaba Kijae

Wahenga walipotuusia kwamba haba na haba hujaza kibaba, walituhimiza tuvute subira. Fritz Pregl aliitazama hekima hiyo kwa jicho jingine: aliipa haba yenyewe thamani, pasi na kungoja kibaba kijae.

Pregl alizaliwa tarehe 3 Septemba 1869 mjini Ljubljana, ambao leo ni mji mkuu wa Slovenia lakini wakati huo ulikuwa chini ya himaya ya Austria-Hungari. Baba yake alifariki yeye angali mdogo. Mnamo 1887 alihamia Graz pamoja na mamaye, akasomea utabibu katika chuo kikuu cha huko na kuhitimu mwaka wa 1894.

Kitendawili kilichomkosesha usingizi kilitokana na nyongo. Katika kuchunguza asidi zake, alipata dutu adimu, chache mno kwa uchanganuzi wa kawaida, uliodai takribani gramu 0.2 kwa kila jaribio. Njia zilikuwa mbili: achakate tani kadhaa za nyongo, au abuni mbinu mpya. Alishika ya pili.

Kazi haikuwa nyepesi. Katika uchanganuzi huo dutu huchomwa. Hidrojeni hugeuka maji, kaboni hugeuka kaboni dioksidi, navyo hunaswa katika mirija na kupimwa uzani. Sampuli ikiwa ndogo, hata unyevu wa kidole kwenye mrija huweza kupotosha hesabu nzima. Hivyo basi, Pregl alishirikiana na Kuhlmann, mtengenezaji wa mizani wa Hamburg, hadi ikapatikana mizani iliyotambua sehemu moja ya elfu ya miligramu. Akiwa profesa Innsbruck kuanzia 1910, kisha Graz tangu 1913, aliviunda upya vifaa vyote hadi miligramu chache tu zikatosha. Kitabu chake kuhusu mbinu hiyo kilichapishwa 1917, na mnamo 1923 akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia.

Pregl aliaga dunia mjini Graz tarehe 13 Desemba 1930. Mbinu yake iliwafaa mno watafiti wa homoni na vitamini, ambazo hupatikana kwa viwango vidogo sana. Kwetu wanafunzi, maisha yake ni funzo: uhaba si lazima uwe mwisho wa utafiti, huenda ukawa ndio mwanzo wake.