John McLendon, kocha aliyetaka mlango ufunguliwe kwanza

Huku Katanga, kuanzia Lubumbashi mpaka Likasi na Mulungwishi, mtu akitaja basketi ya Marekani, jina la kwanza linalosikika ni Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Georgetown chini ya kocha mweusi John Thompson. Jina la John McLendon halisikiki. Lakini kabla Thompson hajashinda ubingwa wa vyuo vikuu vikubwa mwaka 1984, McLendon alikuwa amekwisha kuchukua ubingwa wa inchi nzima mara tatu mfululizo katika shirikisho la vyuo vidogo, tena katika miaka ambayo mtu mweusi alifukuzwa kwenye mlango wa hoteli.

McLendon alizaliwa tarehe 5 Aprili 1915 huko Hiawatha, katika jimbo la Kansas. Mama yake alikuwa na damu ya Wahindi Wekundu wa kabila la Delaware, na alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Kijana huyo alikulia muji wa Kansas City, akapenda basketi kuliko michezo yote, na mwaka 1933 akaingia Chuo Kikuu cha Kansas. Huko kulikuwa mwalimu mmoja mzee, James Naismith, yule yule aliyeubuni mchezo wa basketi mwezi Desemba 1891 katika muji wa Springfield, kwa mpira na vikapu viwili vya kuchumia matunda. Baba yake McLendon alimtuma mwanawe aende moja kwa moja kwa mzee huyo na kumwambia kwamba yeye ndiye atakayemwongoza katika masomo. Naismith alikubali.

Hata hivyo, ekipe ya chuo ilikuwa ya wazungu tu. McLendon alijifunza basketi kwa mtu aliyeibuni, lakini hakuruhusiwa kuichezea Kansas hata siku moja. Na mambo hayakuishia kwenye basketi. Wanafunzi wa elimu ya michezo walipaswa kufaulu mtihani wa kuogelea, na bwawa la chuo lilikuwa limefungwa kwa weusi. McLendon aliingia majini kwa nguvu ya kanuni hiyo ya masomo, na alipotoka, maji yote ya bwawa yakamwagwa. Hakuacha. Naismith akiwa nyuma yake, alidai haki yake mpaka bwawa likafunguliwa kwa wanafunzi wote. Alikuwa mwanafunzi mweusi wa kwanza kumaliza masomo ya elimu ya michezo chuoni hapo, mwaka 1936.

Wazee wa Likasi, waliokuwako wakati muji wao ulipoitwa Jadotville, hawahitaji kuelezwa sana jambo hilo. Cité ya weusi ilikuwa upande wake, muji wa wazungu upande wake. Tofauti ni kwamba majimbo ya kusini mwa Marekani yalikuwa yameandika utengano huo katika sheria zao, ukurasa kwa ukurasa: basi, shule, makaburi, viwanja vya michezo.

Huko kusini ndiko McLendon alikokwenda kutafuta kazi. Baada ya kupata shahada ya pili huko Iowa, mwaka 1937 alifika Durham, North Carolina, katika chuo cha weusi kilichoitwa North Carolina College for Negroes. Kilianza mwaka 1910 kama shule ya mafundisho ya dini, kisha kikakua na kuwa chuo kamili, safari ambayo mtu wa Mulungwishi ataitambua. Mwaka 1940 McLendon akawa kocha mkuu wa ekipe, akiwa na miaka 25.

Basketi ya siku hizo ilichezwa polepole. Wachezaji waliupandisha mpira kwa kutembea, wakasimama, wakapasiana mpaka nafasi ionekane. McLendon aliona huko ni kupoteza muda. Kutoka kwa Naismith alikuwa amejifunza kwamba mashambulizi yanaanzia pale pale mpira unapopatikana, hata kama ni chini ya kikapu chako mwenyewe. Basi ekipe yake ilikimbia. Mpira ukinyakuliwa, wote watano walikuwa tayari njiani. Ukipotea, walimbana mpinzani uwanja mzima badala ya kumngojea nyuma. Ili waweze kufanya hivyo kwa dakika zote arobaini, aliwakimbiza wachezaji wake mbio ndefu kabla ya kuwapa mpira. Anayetazama leo basketi popote duniani anatazama mchezo unaofanana na ule wa Durham kuliko ule wa wapinzani wake wa wakati huo.

Jumapili tarehe 12 Machi 1944 lilitokea jambo lililofichwa kwa zaidi ya miaka hamsini. Katika muji huo huo wa Durham kulikuwa Chuo Kikuu cha Duke, cha wazungu. Wanafunzi wake wa udaktari, waliokuwa chini ya jeshi kwa sababu ya vita (vita ile ile iliyotumia uranium ya Shinkolobwe), walikuwa na ekipe iliyosifiwa kuwa bora katika jimbo zima. Ekipe ya McLendon nayo ilikuwa imefungwa mchezo mmoja tu msimu ule. Nani zaidi? Sheria ilikataza kujua.

Walichagua saa za ibada, wakati weusi na wazungu, kila kundi na kanisa lake, walikuwa wakisali na polisi hawakuwa na kazi nyingi. Vijana wa Duke walipita njia za mzunguko kwa gari, wakaingia katika jumba la michezo la weusi wakiwa wamejifunika makoti vichwani. Milango ikafungwa kwa ufunguo. Kulikuwa na refa na saa, lakini watazamaji hawakuruhusiwa. Mwanzoni pande zote mbili zilicheza kwa woga, pasi zikapotea ovyo. Kisha vijana wa McLendon wakaanza kukimbia. Matokeo: 88 kwa 44. Baada ya kupumzika wakafanya jambo la hatari kuliko lile la kwanza: walichanganyika, weusi na wazungu katika kila upande, wakacheza tena.

Mtu asidhani hofu hiyo ilikuwa ya bure. Miezi minne tu baadaye, katika muji huo huo, dereva wa basi alimpiga risasi na kumuua askari mweusi, Booker T. Spicely, kwa ugomvi wa kiti, na mahakama ikamwachilia dereva. Kocha angeweza kupoteza kazi yake. Wachezaji wangeweza kupoteza zaidi ya hapo. Mwandishi wa gazeti la weusi aliyepata habari alikubali kutoandika kitu. Habari yenyewe ilitoka hadharani mwaka 1996, ilipoandikwa na mwanahistoria Scott Ellsworth.

Mwaka 1946 McLendon alikuwa miongoni mwa walioanzisha mashindano ya vyuo vya weusi vya eneo hilo, yaliyofanyika Washington na yanayoendelea hadi leo. Mwaka 1952 alihamia Hampton, na 1954 akafika Nashville, katika chuo cha Tennessee A&I. Wakati huo shirikisho la vyuo vidogo, NAIA, lilikuwa limeanza kuwapokea weusi, na yeye alikuwa mmoja wa waliolisukuma. Ekipe yake ilipoalikwa Kansas City, hakukubali mwaliko mtupu. Alitaka wachezaji wake walale katika hoteli za katikati ya muji kama wengine wote, si kutawanywa katika nyumba za watu. Waandaaji wakakubali.

Kilichofuata kinajulikana. Akiwa na vijana kama Dick Barnett na John Barnhill, alichukua ubingwa mwaka 1957, 1958 na 1959, na hakuna kocha wa vyuo aliyewahi kupata matatu mfululizo kabla yake. Katika mwaka ule wa 1957, Jadotville na Elisabethville zilikuwa zikijiandaa kwa uchaguzi wa kwanza wa manispaa ambamo Mkongo alipiga kura.

Kisha akaingia katika basketi ya kulipwa, na huko akaonyesha tena tabia ile ile. Alikuwa kocha wa Cleveland Pipers, na katika ligi ya ABL akawa mweusi wa kwanza kuongoza ekipe ya wote katika ligi ya kulipwa. Mwenye ekipe alikuwa George Steinbrenner, tajiri atakayejulikana baadaye kwa ekipe ya baseball ya New York Yankees. Mishahara ya wachezaji ilipocheleweshwa, McLendon alisimama upande wa wachezaji, na mwezi Januari 1962 akaacha kazi. Wapo watakaosema alijiharibia. Huenda, lakini mtu aliyekataa hoteli ya aibu angekubali vipi vijana wafanye kazi bila mshahara?

Mwaka 1966 Cleveland State ilimchukua, naye akawa kocha mkuu mweusi wa kwanza katika chuo kikuu chenye wanafunzi wengi wazungu. Mwaka 1969 alikwenda Denver Rockets na kufukuzwa baada ya michezo 28. Hakupewa tena ekipe ya ngazi hiyo.

Nyumba ya Heshima ya basketi huko Springfield, yenye jina la mwalimu wake Naismith, ilimpokea mwaka 1979. Lakini ilimpokea kama mtu aliyechangia mchezo, si kama kocha, ijapokuwa alikuwa ameshinda michezo zaidi ya 500 ya vyuo. McLendon alifariki tarehe 8 Oktoba 1999 akiwa na miaka 84. Ilipofika 2016 ndipo aliingizwa kwa mara ya pili, safari hii kama kocha. Ekipe yake ya Tennessee ilifuata mwaka 2019, baada ya Dick Barnett kuwabishia mlango kwa miaka mingi.